Maisha ya Mohamed Amin (1943–1996): Filamu, Vitabu vya Picha na Umiliki wa Kumbukumbu

Wazee wengi wa Meru, kuanzia Mitunguu katika Imenti Kusini hadi nyanda za Tigania, wanaijua picha ya Musa Mwariama akiwa na Jomo Kenyatta. Ni picha ya Desemba 1963, wakati mpiganaji huyo wa Mau Mau alipotoka msituni, nywele zake ndefu zikiwa zimesokotwa, akakutana na kiongozi wa taifa lililokuwa likizaliwa. Imechapishwa mara nyingi magazetini na vitabuni, na aghalabu huchapishwa bila jina la mtu aliyeipiga. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya upigaji picha katika Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Aliyesimama mbele ya kamera hukumbukwa, aliyesimama nyuma yake husahauliwa, na negativu yenyewe, yaani ule utepe wa filamu unaozaa picha, huwa imeishia katika ghala la shirika fulani la ng'ambo au imeoza.

Mwaka huohuo wa 1963, kijana wa umri wa miaka ishirini hivi alianzisha kampuni ndogo ya picha jijini Dar es Salaam na kuipa jina la Camerapix. Kijana huyo ni Mohamed Amin, ambaye wenzake walizoea kumwita Mo. Ulimwengu unamkumbuka zaidi kwa kanda za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984. Kumbukumbu hiyo ni ya haki, lakini ni finyu. Imefunika jambo ambalo huenda ndilo kubwa zaidi katika maisha yake, nalo ni kwamba alikuwa miongoni mwa wapiga picha wachache wa kizazi chake katika eneo hili walioshikilia negativu zao wenyewe, wakazipanga, wakazigeuza kuwa vitabu, na kuwaachia warithi ghala zima la picha lililobaki Nairobi.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi tarehe 29 Agosti 1943 katika familia ya Waislamu wenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mwashi wa shirika la reli, na kama ilivyokuwa kwa familia nyingi za watumishi wa reli, amri ya uhamisho ndiyo iliyoamua watoto wangekulia wapi. Mnamo mwaka 1952 familia ilihamia Tanganyika. Hivyo basi, mtoto aliyezaliwa Kenya alipata ujana wake Dar es Salaam, mji wa bandari, katika miaka ambayo chama cha TANU kilikuwa kikiundwa na kupata nguvu. Kiswahili cha mitaani hakikuwa lugha ya kujifunzia ukubwani kwake.

Kamera yake ya kwanza aliinunua akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Ilikuwa Box Brownie iliyokwisha kutumika. Inafaa kukieleza chombo hiki kidogo, kwa kuwa kizazi cha simu za mkononi hakikijui. Brownie ilianza kuuzwa na kampuni ya Kodak mwaka 1900 kwa bei ya dola moja, na azma yake ilikuwa kumwezesha mtu asiye na fedha wala mafunzo kupiga picha. Ilikuwa kama kisanduku chenye lenzi moja upande wa mbele na kitufe upande. Katika aina nyingi za kamera hiyo hapakuwa na namna ya kulenga umbali wala ya kupima mwanga. Baadhi zilitumia mkunjo wa filamu uliotoa picha nane tu. Mtoto mwenye filamu ya picha nane hujifunza jambo moja upesi sana: kungoja. Hujifunza pia kuitazama picha moyoni kabla ya kubonyeza, kwa sababu hawezi kuiona hadi filamu isafishwe katika chumba cha giza, na kila kosa lina gharama.

Shuleni alijitosa katika chama cha wanafunzi wapiga picha na kujifunza kazi ya chumba cha giza: dawa ya kusafishia, dawa ya kuimarisha, maji, kisha subira. Akiwa bado mwanafunzi alikuwa akipiga picha za mashindano ya magari ya Safari na kuyauzia magazeti. Hapa pana tabia iliyomfuata maisha yote. Tangu utotoni picha kwake ilikuwa mali yenye bei na yenye mwenyewe, zaidi ya kuwa kumbukumbu ya kubandikwa katika albamu ya nyumbani. Wapo waliomlaumu baadaye kwa roho ya kibiashara. Lawama hiyo husahau kwamba kijana huyo hakuwa na gazeti nyuma yake, hakuwa na mshahara, na kama asingeuza asingenunua filamu ya kesho.

Mtihani wa kwanza mkubwa wa Camerapix ulikuja mapema. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Dar es Salaam iko karibu, na Amin alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa mwanzo kupata taswira za yaliyokuwa yakitokea kisiwani. Kazi ya mwanahabari wa kujitegemea wa enzi hiyo ilikuwa ngumu kuliko tunavyoweza kuikisia leo. Picha za magazeti zilihitaji kamera ya mkunjo wa picha 36. Picha za runinga zilihitaji filamu ya milimita 16. Kamera mashuhuri ya kazi hiyo, Bolex, ilijazwa ufunguo kama saa ya ukutani, na kila ukiijaza ilizunguka kwa takriban nusu dakika tu. Mkunjo wa futi 100 haukufikisha dakika tatu. Baada ya kupiga, mtu alilazimika kuutia mkunjo ule katika mfuko, kuupeleka uwanja wa ndege na kutafuta njia ya kuufikisha London, ambako ungesafishwa na watu asiowaona. Aliyepiga hakuijua kazi yake ilitokaje hadi baada ya siku kadhaa. Na mara nyingi, kilichotumwa hakikurudi.

Zanzibar ndiyo iliyompa jina na ndiyo iliyomtia gerezani. Mwaka 1966, visiwa vikiwa chini ya serikali ya mapinduzi iliyokuwa na uhusiano wa karibu na nchi za kambi ya Mashariki, Amin alikamatwa huko kwa sababu ya kazi yake ya picha na kufungwa kwa karibu mwezi mmoja. Aliteswa. Alipoachiliwa aliondoshwa nchini, akarejea katika mji aliozaliwa akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, bila makao ya kudumu. Camerapix ilihamia Nairobi pamoja naye.

Kipindi cha Nairobi, hasa kati ya mwaka 1969 na 1975, ndicho kinachostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, ijapokuwa waandishi wengi hukiruka ili wafike Ethiopia. Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo na Katibu Mkuu wa KANU, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Amin alifika haraka na kuingia katika ambulensi iliyombeba Mboya. Alipiga picha na filamu wakati daktari akijaribu kumrudishia pumzi mtu aliyekuwa akikata roho. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Uingereza ya mpiga picha bora wa runinga wa mwaka huo.

Je, ilikuwa haki kuingia katika ambulensi ile? Swali hili haliepukiki, na jibu jepesi haliko. Mtu anayekufa hana nafasi ya kukataa kupigwa picha. Kwa upande mwingine, Kenya ya Julai 1969 ilikuwa nchi iliyojaa uvumi, na mauaji yale yaliligawa taifa kwa namna ambayo athari zake zilidumu kwa miaka mingi. Mahali ambapo kila mtu ana masimulizi yake, picha ilikuwa miongoni mwa mambo machache ambayo pande zote zililazimika kuyakubali. Lililo muhimu zaidi kwa makala haya ni kile alichokifanya Amin baada ya hapo. Hakuziacha picha za Mboya zisambae magazetini na kuzama. Mwaka huohuo zilikusanywa katika kitabu chembamba, «Tom Mboya: A Photographic Tribute», kilichochapishwa na East African Publishing House ya Nairobi. Habari ya siku moja ikawa kitu cha kushikwa mkononi na kuwekwa rafuni.

Kitabu hicho kilifungua mlango. Mwaka 1972, akishirikiana na Peter Moll, alitoa «Kenya's World-Beating Athletes», historia kwa picha ya wanariadha wa taifa lililokuwa bado likisherehekea medali za Mexico za mwaka 1968. Ulifuata mkusanyo wa picha za maisha ya Mzee Jomo Kenyatta. Baada ya uchaguzi mkuu wa mwaka 1974 kilitoka «One Man, One Vote», mwaka 1975, kumbukumbu ya picha ya uchaguzi wenyewe. Hiki cha mwisho kinastahili sifa ambayo hakijaipata. Ni mara chache uchaguzi wa Kiafrika wa miaka hiyo kuhifadhiwa kwa picha na kutolewa kitabu kabla wino wa magazeti haujafifia.

Siku hizi wapo vijana, Nairobi na kwingineko, waliorudia kamera za filamu na wanaotoa au kukusanya vijitabu vya picha vinavyochapishwa kwa nakala chache na wapiga picha wenyewe. Wengi wao hufikiri kwamba desturi hiyo imetoka Ulaya, Marekani au Japani. Vitabu vyembamba vya Amin havikuwa vijitabu vya aina hiyo hasa, kwa kuwa vilikuwa na mchapishaji rasmi, lakini ndivyo ndugu zao wa karibu zaidi tulio nao: mpiga picha mmoja, tukio moja, kurasa chache, na hoja inayojengwa kwa mfuatano wa picha badala ya aya. Mwanafunzi wa fasihi anayezoea kuuliza msuko na msimulizi atapata mengi humo. Atagundua pia pengo. Vitabu hivi viliandikwa kwa Kiingereza, na maelezo ya picha za watu waliozungumza, wakapiga kampeni na kuomboleza kwa Kiswahili na lugha za makwao yamekaa katika lugha ambayo wengi wao hawakuisoma. Upungufu huo hauwezi kubebeshwa Amin peke yake, kwani ndivyo soko la vitabu lilivyokuwa. Hata hivyo, ni upungufu.

Kutoka hapo alipiga hatua kutoka kuwa mtu anayechapishwa hadi kuwa mchapishaji. «Pilgrimage to Mecca», kitabu cha mwaka 1978 kuhusu Hija, kilimpeleka mahali ambapo wapiga picha wasio Waislamu hawaruhusiwi kufika. «Cradle of Mankind», cha mwaka 1981, kilitokana na safari za kulizunguka Ziwa Turkana, katika nchi ya mawe meusi na upepo ambako joto pekee linatosha kuharibu filamu ambayo haikutunzwa. Pamoja na mpiga picha Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley alitoa «Journey Through Kenya» mwaka 1982. Mwaka 1986 kilitoka «Railway Across the Equator», kuhusu reli ileile ambayo baba yake aliitumikia. Camerapix ikawa na tawi la uchapishaji, na miongoni mwa kazi zake ikawa kutayarisha Selamta, jarida la abiria wa Shirika la Ndege la Ethiopia.

Ni kweli kwamba vitabu hivi vikubwa vya rangi vililenga watalii na ofisi za serikali, na baadhi yake vina mandhari mengi kuliko maisha. Ukivilinganisha na vile vyembamba vya mwanzo, havina makali. Lakini ndivyo vilivyolipia kodi, mishahara na makabati ya kuhifadhia negativu.

Sambamba na vitabu, Amin alikuwa mpiga picha wa shirika la habari za runinga la Visnews. Mwaka 1980 yeye na Brian Barron wa BBC walimpata Idi Amin uhamishoni Saudi Arabia, mwaka mmoja baada ya kupinduliwa, jambo ambalo waandishi wengi walikuwa wamelijaribu bila mafanikio. Kisha ikaja Oktoba 1984. Akiwa na Michael Buerk wa BBC alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, ambako maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika wakifa kwa njaa na baridi ya alfajiri. Ripoti hiyo ilitangazwa tarehe 23 Oktoba 1984 na kurushwa na vituo vya runinga zaidi ya 400 ulimwenguni. Wanamuziki wa Uingereza walitoa wimbo wa kuchangisha fedha kabla ya mwaka kwisha, na tarehe 13 Julai 1985 tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia. Misaada iliongezeka, na wapo walio hai leo kwa sababu yake.

Papo hapo, kanda za Korem ziliimarisha sura ya Afrika ambayo wasomi wetu wamekuwa wakipambana nayo tangu hapo: Afrika isiyo na jina, inayonyoosha mkono. Watu wengi wanaoonekana katika kanda zile hawatajwi. Vita na siasa za utawala wa Mengistu Haile Mariam, ambavyo vilikuwa sehemu ya chanzo cha maafa, vilififia nyuma ya sura za watoto. Mpiga picha hawezi kuondolewa kabisa katika lawama hiyo, ila si haki aibebe peke yake. Mtu huyuhuyu alikuwa tayari amepiga wanariadha, wapiga kura, mahujaji, wavuvi na mafundi wa reli. Dunia ilikuwa na hiari ya kuinunua Afrika hiyo pia. Ilinunua njaa. Tena kanda za Korem zilisafiri kwa njia za mashirika makubwa, ambako mpiga picha hana kauli juu ya kitakachokatwa na kitakachobaki. Kitabuni ndiko alikoamua mwenyewe ukurasa upi utangulie.

Yaliyobaki ya maisha yake yanaweza kusemwa kwa ufupi. Tarehe 4 Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. John Mathai, fundi sauti Mkenya aliyekuwa akifanya kazi naye, aliuawa. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Alipata mkono wa bandia na kurejea kazini katika muda mfupi kuliko ilivyotarajiwa, kisha mwaka 1992 akapewa nishani ya MBE ya Uingereza. Nyumbani hakuwa akionekana sana. Filamu ya mwanawe Salim, «Mo & Me», iliyotoka mwaka 2006, haifichi gharama ambayo mke na mtoto waliilipa kwa ajili ya mtu aliyekuwa safarini daima.

Tarehe 23 Novemba 1996, Amin na Brian Tetley walipanda ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watekaji watatu waliiteka na kudai ipelekwe Australia, ingawa haikuwa na mafuta ya kufika huko. Walionusurika walisimulia kwamba Amin alikuwa amesimama katika dakika za mwisho, akijaribu kuzungumza na watekaji. Ndege iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, Amin na Tetley wakiwa miongoni mwao. Amin alikuwa na umri wa miaka 53.

Kwa kawaida mpiga picha wa kujitegemea akifa, kazi yake hufa naye. Makasha hubaki kwa jamaa wasiojua yaliyomo, unyevu huingia, na siku moja yote hutupwa. Ndivyo ilivyoyapata makasha ya studio nyingi za miji yetu midogo ya soko, ambazo negativu zao zilikuwa ndiyo historia pekee ya sura za watu wa hapo. Negativu za Amin ziliepuka hatima hiyo kwa sababu zilikuwa mali ya kampuni yenye ofisi, orodha na mrithi. Salim Amin aliiendeleza Camerapix, na taasisi yenye jina la baba yake ikafundisha wanahabari vijana. Mwaka 2021 maelfu ya picha kutoka ghala hilo yaliwekwa katika mtandao wa Google Arts & Culture, nyingi kati yake zikiwa hazijawahi kuonekana hadharani tangu ziliposafishwa.

Kwa hiyo mtu aliyekaa Mitunguu anaweza leo kuzitazama kwa simu picha za miaka ya mwanzo ya uhuru zilizobeba jina la aliyezipiga. Vile vitabu vyembamba vya mwaka 1969 hadi 1975 ni habari nyingine. Anayevitaka bado hana budi kuvitafuta kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu, akipekua rundo moja baada ya jingine, na akikipata kimoja akifungue polepole, kwa kuwa gundi ya uti wake imekwisha kukauka.